Kipaza na Majani ya Mrehani Mwitu

Kila asubuhi, kabla hajanawa hata uso, Kipaza alikuwa na habari ya kutoa. Alifagia uwanja huku akimweleza mama yake kwamba paka wa jirani amezaa juu ya gunia la mkaa. Alichota maji huku akimtangazia baba yake kwamba bomba la mtaa wa juu limepasuka. Alipokwenda kumwamkia shangazi yake, alimkuta anapiga mswaki, akamwambia yote mawili kwa mpigo mmoja, na la tatu alilolikumbuka njiani.

Alikuwa na jina lake zuri tu, lakini lilitumiwa na mwalimu peke yake. Nyumbani na mtaani aliitwa Kipaza, kwa sababu jambo likiingia sikioni mwake lilitoka mdomoni likiwa limeongezwa sauti.

"Huyu mtoto," shangazi alizoea kuwaambia wateja wake, "ukitaka kutangaza biashara, usihangaike na redio. Mnong'oneze tu, umwambie ni siri."

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Aliishi katika chumba cha upande wa pili wa uwanja huohuo, na kibarazani pake palikuwa na cherehani, meza ya kukatia vitambaa na benchi la wateja. Baada ya shule Kipaza alikaa kwenye benchi hilo akishona vifungo na kumwaga habari za siku. Shangazi alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Hakuna mtu duniani aliyemsikiliza Kipaza kama shangazi yake.

Ndiyo maana Kipaza alishtuka wiki ile shangazi alipoacha kucheka. Alimsimulia jinsi mwalimu wa hesabu alivyokalia chaki iliyolowa na kuzunguka darasani na alama nyeupe nyuma, hadithi iliyowavunja mbavu watoto wote. Shangazi akasema tu, "Ehe," na kuendelea kupiga pedali.

Usiku ule mama alimwita Kipaza jikoni.

"Shangazi yako anaumwa," alisema. "Ana uvimbe kwenye ziwa. Wamempima hospitali, wamesema ni saratani, ila imewahiwa. Wamempa tarehe ya upasuaji. Nakuambia kwa sababu utaona mambo humu uwanjani na utaanza kuuliza watu. Hili halitoki nje. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Na kweli alielewa. Kwa mara ya kwanza maishani Kipaza alibeba habari bila kuitua mahali. Ilimkaa tumboni kama jiwe.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa mama yake mdogo. Huyu alikuwa mdogo wa mwisho wa mama yake, mwanamke mwembamba asiyependa mzaha kazini, na alifanya kazi katika maabara ya chuo kilichokuwa pembezoni mwa mji. Kipaza alikuwa amemwomba kwa muda mrefu akaone anachokifanya huko.

Mwanzoni alivunjika moyo. Alitarajia moshi wa rangi na vitu vya kulipuka. Alikuta magunia ya majani, na majani yenyewe aliyajua.

"Shikamoo mama mdogo. Si mrehani mwitu huu? Tunautia kwenye chai! Umejaa kule nyuma ya shule."

"Marahaba. Ndio huohuo. Watu wanautia kwenye chai na kwenye mboga, na wengine wanaukanyaga tu wakipita. Sisi tunataka kujua ndani yake mna nini."

Akamwonyesha chupa kubwa ya kioo iliyokuwa juu ya jiko la umeme, imejaa majani na maji. Mvuke ulipanda, ukapita kwenye bomba la kioo lililopozwa kwa maji baridi, ukageuka maji yaliyodondoka upande wa pili tone kwa tone. Juu ya maji yale palielea utando mwembamba wa manjano. Chumba kizima kilinukia.

"Hayo ndiyo mafuta yanayobeba harufu ya mmea," mama mdogo alisema. "Tunayaita mafuta tete, kwa sababu ukiyaacha wazi yanaruka hewani. Gunia zima linatoa mafuta yasiyojaa hata kifuniko cha soda."

Kisha akamkalisha mbele ya hadubini, ile mashine ya kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho. Chini yake palikuwa na kisahani cha plastiki. Kipaza akafumba jicho moja, akachungulia. Akaona vitu vidogo vimejazana, vimebanana bega kwa bega kama watu kwenye mlango wa soko.

"Hizo ni seli za saratani. Tunazikuza humu ili tuzichunguze. Sasa tazama kisahani hiki cha pili. Hiki nilikitia mafuta ya mrehani mwitu."

Katika kisahani cha pili seli zilikuwa chache, zimesinyaa, zimetawanyika kama maganda.

"Zimekufa?" Kipaza aliuliza, macho yakimng'aa.

"Nyingi zimekufa. Lakini nisikilize vizuri…"

Mama mdogo akaeleza. Alisema kisahani si mtu. Alisema hata maji ya moto yangeziua seli zile, na hakuna anayemtibu mgonjwa kwa maji ya moto. Alisema bado hawajui kama mafuta yale yanaua seli mbaya na kuziacha nzuri, wala kama yakiingia mwilini yatafika panapotakiwa, na kwamba vitu vingi vinavyofanya vizuri kwenye kisahani havifiki popote. Lakini ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Masikio ya Kipaza yalikuwa pale, na akili ilikuwa imeshafika kibarazani kwa shangazi, inachagua neno la kuanzia.

Alimkuta shangazi anapinda suruali ya mteja.

"Shangazi, dawa ya saratani ipo!"

Miguu ya shangazi ilisimama juu ya pedali. Akatazama getini, akatazama dirisha la jirani. "Nani kakuambia mambo ya saratani?"

"Mama. Sijamwambia mtu, shangazi. Nimenyamaza mpaka tumbo linaniuma."

Shangazi akataka kutabasamu. "Haya, pole kwa hilo tumbo. Ehe, hiyo dawa?"

Kipaza akasimulia. Alisimulia juu ya mvuke, mafuta ya manjano na visahani viwili. Kadiri alivyosimulia, ndivyo uso wa shangazi ulivyozidi kufunguka. Na kadiri uso ulivyofunguka, ndivyo hadithi ilivyozidi kunoga. Seli ambazo kwa mama mdogo zilikuwa "nyingi zimekufa," hapa kibarazani zilikufa zote.

Shangazi akamshika kiganja. "Kipaza. Niangalie machoni. Mama yako mdogo mwenyewe kasema majani haya yanaponya watu?"

Kipaza alijua jibu. Hakulijua baadaye, alilijua palepale. Alikumbuka kwamba katika maneno ya mama mdogo kulikuwa na "lakini," na kwamba lilikuwa refu. Ila mbele yake kulikuwa na uso wa shangazi, uso ule wa zamani, na aliyeurudisha alikuwa yeye.

"Kasema," alijibu.

Shangazi akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. "Mungu mkubwa. Unajua, mwanangu, mimi kile kisu nakiogopa. Kisu kikigusa uvimbe, unasambaa. Bibi yako walimpasua, hata nyumbani hakurudi. Wacha nianze na majani. Kisu hakitakimbia. Na hili libaki kati yako na mimi."

Tangu siku hiyo Kipaza akawa anapita nyuma ya shule kila jioni kuchuma mrehani mwitu. Shangazi aliuchemsha na kunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, akautafuna mbichi, akautia kwenye kila mboga mpaka mama akauliza kwa nini kibaraza kinanukia kama duka la sabuni. Shangazi alirudi kucheka. Kipaza alitembea mabega juu. Watoto wengine walikuwa na shangazi. Yeye alikuwa na shangazi ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemponya.

Kiburi hicho kilimwisha siku moja wakati wa chakula cha jioni.

"Wifi," mama alimuuliza shangazi, "si jana ndiyo ilikuwa tarehe yako ya hospitali? Walisemaje?"

"Wameahirisha," shangazi alijibu bila kuinua macho. "Mashine yao imeharibika. Wataniita."

"Mashine ya nini tena?" baba aliuliza. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, na maswali yake yalikuwa machache pia.

"Nitajuaje mimi mashine za madaktari? Nipitishie chumvi."

Baba akampitishia chumvi. Kipaza alibaki na tonge mkononi. Hakuwa amefikiri kwamba shangazi ataacha kabisa kwenda hospitali. Alikuwa ameona majani tu, na uso uliofunguka. Tarehe hakuwa ameiona. Sasa shangazi anamdanganya mdogo wake waziwazi, na uongo ule mkubwa ulikuwa umeota juu ya uongo wake mdogo.

"Kipaza leo hana habari?" mama alishangaa.

"Nina usingizi," alisema Kipaza.

Jumamosi alikwenda tena maabara. Alijiambia kwamba labda mama mdogo atasema jambo jipya, jambo la kuufanya ule uongo uwe kweli.

"Mama mdogo, hivi mtu akinywa yale majani, uvimbe unachukua muda gani kwisha?"

Mama mdogo alicheka, akavua glavu. "Nilijua hukunisikiliza. Kunywa chai ya mrehani si sawa na hayo mafuta, kwanza. Na hayo mafuta yenyewe hatujui. Huenda miaka mingi ijayo yakatoa kitu cha kusaidia dawa nyingine. Huenda yasitoe chochote. Hata kwa panya hatujayajaribu bado."

"Lakini ungekuwa na ndugu mgonjwa? Ungempa?"

"Ningemshika mkono nikampeleka hospitali, tena mbio. Saratani ikiwahiwa inatibika. Ikicheleweshwa inatembea." Kicheko kikamwisha. Akamtazama kwa makini. "Kwa nini unauliza? Kuna nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, na mama mdogo angevua koti lake jeupe na kwenda naye nyumbani saa ileile. Lakini Kipaza aliona jinsi uso ule utakavyobadilika ukisikia jina lake limetumiwa hivyo. Aibu ikamziba mdomo.

"Hakuna. Ni kazi ya shule."

Alirudi nyumbani kwa njia ya mzunguko asipite mbele ya cherehani.

Shangazi hakujua lolote. Kinyume chake, alikuwa na siri yake ya furaha. Alikuwa amekata kitambaa cha buluu chenye maua madogo, kile ambacho wateja wote walikitamani, akamshonea Kipaza gauni.

"Njoo upime, daktari wangu," alimwita siku hiyo jioni. "Umenihangaikia, na mimi nikuhangaikie. Simama wima. We mtoto unakua kama nyasi!"

Kipaza alisimama katikati ya chumba, gauni likimkaa vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa. Alitamani lingekuwa linambana. Shangazi alizunguka na pini mdomoni, akashika pindo, akashika kiuno. Alipotaka kurekebisha bega, mkono wake wa kushoto uligoma kupanda. Alikunja uso, akaushusha polepole.

"Umelala vibaya?" Kipaza aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, nadhani." Shangazi akatoa pini mdomoni. Akachungulia mlangoni, akaufunga. "Hebu nishike hapa, chini ya kwapa. Wewe una mkono mwepesi. Mimi naona umepungua. Au najidanganya?"

Akauchukua mkono wa Kipaza na kuuweka. Chini ya vidole vyake, kupitia kitambaa cha blauzi, Kipaza alihisi kitu kigumu cha mviringo, kama punje ya harage. Mama alikuwa amesema uvimbe uko kwenye ziwa. Huu ulikuwa kwapani. "Inatembea," mama mdogo alikuwa amesema.

"Ehe?" shangazi alimsubiri.

"Sijui, shangazi."

"Basi tuongeze majani."

Kipaza alivua gauni lile, akalikunja, akaliacha juu ya kitanda. Alisema atalivaa sikukuu. Alikwenda kukaa nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna mtu anayemfuata mtu, akalia huku ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Huenda angenyamaza hata zaidi ya hapo. Aibu ni kitu cha ajabu: kadiri unavyoificha ndivyo inavyodai kufichwa zaidi. Lakini siku chache baadaye, aliporudi kutoka shuleni na fungu la majani mkononi, alimkuta mama mmoja muuza mboga amekaa kwenye benchi la wateja. Hakuja kushona. Alikuwa ameegemea mbele, anazungumza na shangazi kwa kunong'ona, na macho yake yalikuwa mekundu.

"…na kesho ndiyo tarehe ya dada yangu kulazwa apasuliwe uvimbe," alikuwa akisema. "Analia tangu juzi."

"Mwambie asiharakishe," shangazi alinong'ona naye. "Mimi tarehe yangu imepita, na niko hapa nashona. Kisu cha nini, na dawa imejaa vichakani? Huyu hapa ndiye anayeniletea. Mama yake mdogo ni mtaalamu wa maabara, ndiye aliyesema. Muulize mwenyewe."

Mama muuza mboga akageuka. Na Kipaza akauona uso uleule. Ulikuwa uso wa mtu mwingine, lakini ulikuwa na tumaini lilelile alilolipalilia kwa shangazi yake. Kulikuwa na dada wa mtu aliyekuwa akilia nyumbani. Baada ya dada huyo angekuja mwingine.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Hakusema," alisema Kipaza.

"Unasemaje? Sauti haitoki."

Ajabu iliyoje, kwamba siku hiyo Kipaza ilibidi aambiwe apaze sauti. Aibu ya kusema mara moja ni nzito. Ya kurudia ni nzito maradufu.

"Mama mdogo hakusema majani yanaponya watu. Alisema seli zilikufa kwenye kisahani. Halafu akasema lakini. Alisema bado hawajui kitu. Hiyo lakini mimi niliiacha. Mwambie dada yako aende kesho. Tafadhali, mama, mwambie aende."

Mama muuza mboga alimtazama, akamtazama shangazi. Akasimama, akajitwika kapu lake. "Asante, mwanangu," alisema. "Ngoja nimwahi dada." Akaondoka kwa haraka mpaka kandambili moja ikamvuka getini, akarudi kuiokota.

Shangazi alikuwa ameshika kitambaa cha mteja mapajani. Alikilaza, akakinyoosha, akakilaza tena.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Ndiyo."

"Na siku nilipokushikisha hapa?"

"Ndiyo, shangazi."

Kipaza alisubiri kofi. Alilitaka. Kofi lingeuma halafu lingekwisha. Shangazi hakuinua mkono.

"Nenda kamwite baba yako," alisema.

Baba alikuja na miwani yake ya kazini bado iko kwenye paji la uso. Alisikiliza mpaka mwisho, maneno ya dada yake na ya binti yake. Hakufoka. Alimwangalia Kipaza kama mtu anayemwangalia mgeni aliyegonga mlango usio wake, kisha akampa dada yake mkono amsaidie kusimama.

Mama mdogo naye alifika jioni hiyohiyo, baada ya mama kumpigia simu. Alikaa kwenye benchi la kibarazani na kujifunika uso kwa viganja.

"Nilikuuliza kuna nini," alimwambia Kipaza hatimaye. "Ukaniambia kazi ya shule."

"Nilikuwa na aibu."

"Aibu gani hiyo inayomwacha mtu augue?" Kisha akamgeukia shangazi. "Nisamehe, dada. Na mimi nina kosa langu. Nilimwonyesha mtoto jambo kubwa, na sikumuuliza amelielewaje. Nilimwona macho yanang'aa, nikafurahi, nikaishia hapo."

Asubuhi wote walikwenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu nyweleni. Alimpima shangazi nyuma ya pazia, akaagiza vipimo, na siku majibu yalipotoka akawakalisha wote, Kipaza naye akiwa amejibanza nyuma ya kiti cha mama.

"Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua," daktari alianza. "Nashukuru wewe umejifichua mwenyewe. Ugonjwa umeingia kwenye tezi ya kwapani. Ungekuja tarehe yako, pengine tungeanza na upasuaji. Sasa tutaanza na dawa kali za kuupunguza, ndipo tupasue, na baadaye mionzi. Bado unatibika. Lakini safari imekuwa ndefu, na itakuchosha."

"Na kisu?" shangazi aliuliza. "Si ndicho kinachousambaza? Mama yangu walimpasua, akafa palepale hospitali."

"Mama yako sikumtibu mimi, kwa hiyo siwezi kusema nisichokijua. Ninachojua ni hiki: kisu hakisambazi saratani. Wengi huja kwetu wakati imeshasambaa, wakifa tunalaumiwa kwa kisu."

Kipaza alimsikia. Mtu mkubwa, mwenye cheo chake, amesema "siwezi kusema nisichokijua" mbele ya watu wote na hakupungukiwa na kitu.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Dawa zilimtapisha shangazi, zikampukutisha nywele, zikamfanya achukie hata harufu ya maji. Kipaza alimwaga beseni, akafua mashuka, akashona vifungo vya wateja peke yake. Hakuna aliyemlazimisha. Shangazi alimshukuru kwa kila alichofanya, kwa upole, kama mtu anavyomshukuru muuguzi. Mzaha hakumtupia hata mmoja, na alimwita kwa jina lake la shuleni. Hiyo ndiyo adhabu iliyomuuma Kipaza kuliko zote.

Mwalimu alipowataka wanafunzi waeleze kuhusu mmea mmoja wanaoujua, Kipaza alisimama, akaeleza habari ya mrehani mwitu tangu gunia mpaka kisahani. Safari hii alisema na yale ya baada ya "lakini." Alisema pia alichokuwa amekifanya. Wengine waliguna, na kijana mmoja akacheka. Kipaza aliketi masikio yakiwaka moto, lakini usiku ule alilala vizuri.

Kisha ikaja siku ya upasuaji. Walimpeleka shangazi kwenye chumba cha ndani, baba akatembea ukumbini mpaka mlinzi akamwomba akae. Daktari alipotoka alikuwa ameshusha barakoa kidevuni.

"Imekwenda vizuri. Dawa ilikuwa imeupunguza sana. Tumetoa uvimbe wote tuliouona, na tezi. Iliyobaki ni mionzi, na kumfuatilia kwa karibu."

Baba akaketi chini kwenye sakafu, mtu mzima, akalia bila kujificha.

Siku ya pili Kipaza aliruhusiwa kuingia wodini. Shangazi alikuwa amelazwa kando ya dirisha, kitambaa kichwani, bendeji kifuani.

"Sogea," alisema. "Usikae mbali kama mtu ninayemdai."

Kipaza akasogea. Akataka kuomba radhi tena, kwa mara ambayo hata yeye hakujua ni ya ngapi. Shangazi akamzuia kwa mkono ule mzima.

"Basi, mwanangu. Nilikusamehe siku ile ulipomwambia yule mama ukweli, ila nilikuwa sina nguvu za kukuambia. Sasa nisikilize. Mimi mtu mzima, nyumba ya mama yako mdogo naijua. Ningeweza kwenda kumuuliza mwenyewe. Sikwenda, kwa sababu niliogopa atakachosema. Aibu hiyo ni yangu, usinibebee. Lakini na yako uijue vizuri, isikupotee. Ulitaka kunifurahisha. Mtu mwenye hofu atasikia anachotaka kusikia. Kwa hiyo anayeleta habari ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu kwa ajili ya wote wawili. Furaha ya uongo inakula muda, na mali ya mgonjwa ni muda. Kama hujui, sema hujui. Ukijua nusu, sema ni nusu. Na ukikosea, rudi upesi. Ukisubiri aibu iishe ndipo useme, haitaisha."

"Nimesikia, shangazi."

"Umesikia, au macho yanang'aa tu?"

Kipaza akatazama chini, kisha akarudia kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa. Shangazi akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali.

Muuguzi akapita na kisanduku cha vidonge vya kutumia nyumbani, akamkabidhi shangazi pamoja na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nyingi. Shangazi akaikunjua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akakata tamaa.

"Herufi gani hizi, za kusomwa na sisimizi? Shika wewe, nisomee."

Kipaza akaipokea. Akasoma jina la dawa, akasoma inavyomezwa, akasoma inavyosaidia. Chini yake kulikuwa na aya nyingine: kwamba huenda dawa ikaleta maumivu ya mifupa, huenda ikaleta kizunguzungu, na kwamba haimfai kila mtu. Akasita. Akamtazama shangazi, aliyekuwa amechoka, macho yamefumba nusu.

"Kuna na mengine," alisema. "Si mazuri sana."

"Ndiyo hayo ninayoyataka. Endelea."

Kipaza akavuta pumzi, akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kwa sauti inayosikika vizuri, hadi mstari wa mwisho.